Mwisho Ulioshonwa

4 Februari

Kasuku wangu,

Nakusalimu, na sitaandika kwamba hofu na mashaka ni juu yako uliye mbali, kama tulivyokaririshwa shuleni, kwa sababu sina hofu nawe hata chembe. Mtu anayeishi juu ya duka la mikate na kulipwa kwa kupiga domo hana la kuhofiwa. Mimi ni mzima. Magoti yananung'unika, cherehani inanung'unika, nami nanung'unika kuliko vyote viwili, kwa hiyo nyumba ina kwaya.

Habari za huku. Jirani yangu Mwalimu amenenepa tena, kaniletea gauni lake la kijani nilipanue. Nimemwambia safari ijayo alete na pazia tuunganishe. Mtoto wa marehemu mume wangu, yule dalali wa nyumba tunayemwita Suluhu kwa sababu hajawahi kukutana na tatizo asiloliweza kwa mdomo, amehamia chumba cha uani. Anasema ni kwa muda.

Sasa la maana. Nimekutumia kitabu. Kuna kijiji kidogo chenye maua mengi, mpiga kinanda wa kanisa anakutwa amelala chini ya kinanda chake, na bibi mfuma sweta anaona kila kitu. Damu hakuna, watu wanakufa kwa adabu kama tunavyopenda. Sura ya mwisho nimeishona kwa uzi mwekundu. Sheria unazijua: andika kisio lako, tia bahasha posta, ndipo ushike mkasi. Na mtu asimsimulie mwenzake kitabu ambacho mwenzake hajakisoma. Marehemu aliwahi kunisimulia mwisho wa kitabu nikiwa katikati, akalala sebuleni mpaka aliponinunulia kingine.

Alhamisi nilikusikia kwenye televisheni. Jumba kubwa, mishumaa, magauni yanayofagia sakafu (mishono ya kwapa ni aibu tupu, fundi wao alikuwa na haraka), halafu mlango wa jikoni ukafunguka, akaingia yule mjakazi mwembamba wa kofia nyeupe, akafungua mdomo, ikatoka sauti yako. Nikasema, "Kasuku, vaa soksi, sakafu hiyo ya baridi." Nilicheka peke yangu mpaka Suluhu akachungulia.

Simu usinipigie ovyo. Simu ni ya misiba. Kwenye tamthilia zetu watu wenye heshima zao wanaandikiana.

Shangazi yako mwenye mkasi


23 Februari

Shangazi mwenye mkasi,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako ngazini, sikufika hata chumbani. Mimi sijambo. Kikohozi kimeisha, na ni heri, maana bosi alikuwa ananitazama kama redio mbovu. Mwenye duka la mikate anakusalimu. Hakujui, ila ananiona nikicheka na karatasi, akauliza ni nani huyo.

Studio yetu usiifikirie kama ile ya magazetini. Ni chumba kilichopigiliwa mablanketi ukutani, ukiingia masikio yanahisi yamezibwa pamba. Mimi nasimama mbele ya maikrofoni na makaratasi, namwangalia mjakazi kwenye kioo, na akifungua mdomo nami nafungua. Nyuma ya dirisha yuko Fundi Mitambo, ambaye hasemi kitu ila kwa vidole. Wiki iliyopita nilichomeka "jamani" ambayo haikuandikwa, kwa sababu mjakazi alikuwa ameungua kidole na mtu akiungua husema jamani. Bosi alifoka mpaka mablanketi yakatikisika. Neno likiongezwa hata moja tena, kazi sina.

Kisio langu ni daktari. Ana upole uliopitiliza. Kwenye vitabu vyetu, mwanamume akimletea bibi chai bila kuombwa, mimi naanza kumwandalia pingu.

Na huyo Suluhu, si ndiye aliyeuza kabati la marehemu baba yake kabla maua ya kaburini hayajanyauka? Umesema amehamia. Hukusema umemkaribisha.

Nakata uzi jioni, bahasha ikishaondoka.

Kasuku wako


19 Machi

Kasuku,

Salamu nyingi. Tumepata mvua, na mtaro wa hapa konani kwetu umeziba, wanaokuja kwenye maduka ya chini wanaruka kama vyura. Mwalimu amechukua gauni, limemkaa. Ila safari hii hakukaa kupiga soga. Alinishika mkono, akaniuliza kama nakula vizuri, kwa sauti ile anayowaulizia watoto wa darasa la kwanza.

Suluhu amechukua simu yangu akaitengeneze. Barua pia anazipeleka posta yeye, kuniokoa na ngazi. Asubuhi ananiletea chai kitandani, na ndani yake matone ya presha aliyopewa na rafiki yake. Sijawahi kuletewa chai kitandani tangu nizaliwe, hata siku za fungate. Alhamisi jioni ndiyo siku yake ya kutoka, anacheza karata na madalali wenzake, kwa hiyo jumba letu naliangalia kwa raha zangu. Ingawa wiki hii nililala kabla mjakazi hajaingia. Nilikasirika kweli. Kulala mbele ya tamthilia ni tabia ya wanaume.

Nimekutumia kitabu kingine. Usicheke mshono. Siku hizi uzi hauingii kwenye sindano mpaka jioni, macho yanaona matundu mawili. Ajabu ni kwamba siku Suluhu alipolala kwa rafiki yake uliingia mara moja, kama zamani. Uzee una vichekesho vyake.

Shangazi yako


8 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Nilikosea, hakuwa daktari. Nimeona aibu mpaka kwenye kucha. Dada wa marehemu! Yule aliyekuwa analia na kitambaa chenye maua! Nilikirusha kitabu kitandani, halafu nikakiokota nikakibusu.

Barua yako ilinikuta nimechelewa. Tulipelekwa mji mwingine kurekodi, na nikiwa sipo Fundi Mitambo ndiye anayenichukulia barua, ufunguo wa chumba ninao mmoja na yeye mmoja. Kabla hujaanza kushona gauni la harusi, ni kwa ajili ya barua tu. Ananipangia mezani kufuata tarehe, na yenye mwandiko wako anaiweka juu.

Shangazi, nilipiga simu. Najua simu ni ya misiba, lakini mshono wa kitabu kile ulinitisha. Wewe unashona ukiwa gizani, ukiwa na homa, ukiwa unamgombeza mtu. Huu ulikuwa kama wa mtu aliyeshika sindano kwa mara ya kwanza maishani. Simu uliyosema inatengenezwa iliita, akapokea Suluhu. Ana sauti nzuri, lazima nikiri, bosi angemwajiri. Akasema, "Amelala." Ilikuwa saa nne asubuhi. Lini wewe umelala saa nne asubuhi? Nikasema nitapiga baadaye. Nilipopiga jioni akasema tena, kwa upole ule ule, "Amelala, mpenzi. Apumzike."

Hukunijibu kuhusu yeye. Nijibu. Na matone hayo yana jina gani?

Kasuku


30 Aprili

Mpwa wangu mpendwa,

Salamu nyingi sana. Ama baada ya salamu, mimi ni mzima wa afya, hofu na mashaka ni juu yako wewe uliye mbali. Majirani wote wazima. Suluhu mzima, ananitunza vizuri mno, watu wote wanasema hivyo.

Matone ni ya presha tu.

Nasoma riwaya moja nzuri, ngoja nikusimulie. Kuna mjane mpiga kinanda anayeishi peke yake katika jumba lenye bustani ya waridi. Anakuja ndugu wa marehemu mumewe, kwa muda. Ni mtu mpole, hata paka wa jirani wanamfuata. Kila asubuhi anamletea mjane kikombe. Siku mjane akikinywa, vidole vyake havizioni funguo za kinanda mpaka jua linapozama. Siku akikimwaga kwa siri, anapiga kama msichana. Yule ndugu anawazungukia majirani akiwaambia kwa huzuni kwamba mjane amepotewa na akili. Amebadilisha kitasa cha mlango wa mbele, mjane hana ufunguo. Siku nyingine anakuja na mabwana wenye suti, wanapima madirisha, wanasifu bustani. Mjane amejaribu kuwaambia watu, na kila anayemwambia anatabasamu na kumshika mkono.

Niko katikati ya kitabu. Sijui mwandishi atamfanya nini bibi huyu. Wewe una macho ya haya mambo. Unakisia nini?

Shangazi yako


17 Mei

Shangazi mpendwa,

Shikamoo, na pole kwa kuchelewa. Tulikuwa kwenye sehemu ya mazishi ya jumba, nimelia kwa kulipwa mpaka koo likaota magaga. Mwenye duka la mikate kanipa asali. Nimefurahi umeandika kirefu, nilikuwa nimeshaanza kukosa usingizi. Na mbona rasmi hivyo? "Ama baada ya salamu!" Nilidhani nimeandikiwa na mkuu wa shule.

Basi kisio langu ni hili. Huyo bibi wako hafiki sura ya mwisho, naomba radhi. Amechelewa mno kushtuka. Tatizo lake amelelewa vizuri: atamwaga vikombe kadhaa, halafu siku moja yule mpole atasimama pale pale amngoje anywe, na bibi ataona haya kukataa, atakunywa. Mazishini mpole atalia kuliko wote. Majirani watasema, alimtunza mno. Waridi zitang'olewa.

Kitabu kitamu hicho! Nitumie nami nikisome, na mwisho ushone.

Kasuku wako anayekupenda


5 Juni

Mpwa wangu,

Salamu. Sote wazima.

Kisio lako limefika. Nimelisoma mara nyingi. Huenda umepatia.

Kitabu siwezi kukutumia, si cha kuazimana. Nilidhani utaikumbuka sheria yetu. Mimi niliikumbuka kila nilipoandika neno.

Cherehani imeuzwa. Suluhu anasema macho yangu hayafai tena na itanichoma kidole. Nashona kwa mkono, siku ninazoweza. Alhamisi bado nakusikia. Mjakazi ana sauti nzuri, ndiyo sauti pekee inayoingia humu ambayo haijapitia kwa mtu kwanza.

Shangazi yako


21 Juni

Shangazi yangu,

Barua hii siitumi. Naiandika kwa sababu nisipoiandika nitapiga mayowe, na chini watu wananunua mikate.

Hakuna riwaya. Mtu asimsimulie mwenzake kitabu ambacho mwenzake hajakisoma, nawe sheria hiyo hujaivunja tangu niko mdogo nalala miguuni pako huku ukisoma. Uliivunja makusudi ili nishtuke. Mimi nikacheka, nikaomba kitabu. Kinanda ni sindano. Jumba la waridi ni nyumba yako ya kona. Uliniuliza kama utakufa, nami nikakujibu ndiyo, tena kwa mbwembwe. Naona aibu na naogopa, sijui kipi kimezidi.

Nimezitoa barua zako zote nikaziweka juu ya taa. Tangu ya Machi, bahasha zimefunguliwa kwa mvuke na kubandikwa upya, gundi ina mikunjo. Anasoma unachoniandikia na anasoma ninachokuandikia. Kwa hiyo siwezi kukwambia lolote kwa njia hii.

Nimepiga simu kituo cha polisi cha huko. Walikwenda, sikatai. Wakakaribishwa chai. Wakaniambia bibi amelala salama, nyumba inang'aa, na huyo bwana anamtunza kuliko wao wanavyowatunza mama zao. Nikampigia Mwalimu. Akashusha pumzi, akasema, "Tunajua, mwanangu. Inauma kumwona mtu anavyokwisha akili." Nikasema haishi akili, anawekewa kitu kwenye chai. Akasema, "Hayo ndiyo anayoyasema yeye."

Basi nakuja mwenyewe. Safari ni ndefu, na mkataba unaniachia tukimaliza kurekodi sehemu za Julai. Nitafika Ijumaa tarehe kumi na moja, asubuhi na mapema. Mlango wa mbele huna ufunguo, lakini ule wa nyuma wa jikoni una komeo tu kwa ndani, nakumbuka unavyolia ukifunguliwa. Nakuhitaji ukiwa macho ulitoe, na ili uwe macho usinywe kitu tangu Alhamisi.

Leo nimepata njia. Kuna sehemu itakayorushwa Alhamisi ya tarehe kumi. Mjakazi yuko jikoni, ametupa mgongo, midomo haionekani. Makaratasi yanasema, "Bibi Mkubwa, chai imepoa, niwashe moto?" Mimi nikasema, "Shangazi, hiyo chai imwage. Kesho alfajiri niko mlango wa nyuma." Nikakaa nangoja kufokewa. Bosi alikuwa nje anaongea na simu. Fundi Mitambo aliinua macho, akanitazama kupitia dirishani kwa muda mrefu. Halafu akainua kidole gumba, akapita kwenye sehemu inayofuata. Kazi itakwenda, najua. Iende.

Alhamisi jioni Suluhu yuko kwenye karata. Utakuwa peke yako na mimi.

Februari ulikataa kuandika kwamba hofu ni juu ya aliye mbali. Leo naandika.


21 Juni

Shangazi mpendwa,

Shikamoo. Huku wote wazima, mikate inanukia, kikohozi hakijarudi. Nimekuwa mvivu wa kuandika, niwie radhi.

Kisio langu nalifuta. Nimefikiri tena, nadhani bibi wa riwaya yako ana ndugu ambaye mwandishi hajamtaja bado.

Usikose tamthilia Alhamisi ya tarehe kumi Julai, tafadhali. Mjakazi ana maneno machache tu, ila nimeyasema vizuri kuliko yote niliyowahi kusema.

Kasuku wako


Alhamisi, 10 Julai, jioni

Kasuku wangu, mwanangu, binti wa kaka yangu,

Naandika haraka, niwie radhi kwa mwandiko. Nina akili zangu zote. Leo sikunywa kitu tangu asubuhi na uzi umeingia kwenye sindano mara ya kwanza.

Nimekusikia. Uliposema "Shangazi" nilidhani roho inanitoka kwa furaha. Miezi yote hii nilikuwa nazungumza na ukuta, kumbe ukuta ulikuwa unasikia. Nilitaka kusimama nicheze.

Lakini sikuwa peke yangu, mwanangu. Hakwenda kwenye karata. Asubuhi aliniletea barua yako, ile ya kuniomba nisikose, akaiweka kwenye sinia karibu na kikombe, akasema, "Mpwa wako anasisitiza sana. Nami nitakaa nimsikilize." Na sauti yako anaijua, si ya simu tu. Mimi ndiye niliyemwambia, siku za mwanzo, nilipokuwa bado najivuna kwa kila anayepita. Nilimshika mkono nikamwonyesha kioo, nikasema, huyo mjakazi ni wetu.

Alikaa kwenye kiti cha marehemu. Alikusikiliza mpaka ukamaliza. Sikumtazama, nilitazama mikono yangu, nikajifanya nasinzia. Alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyesimuliwa jambo zuri. Akasema, "Hawa watu wa studio siku hizi wanatunga maneno yao." Halafu akazima televisheni, sehemu haijaisha, na mimi sijui mpaka sasa kama Bibi Mkubwa alikunywa ile chai.

Sasa yuko jikoni. Namsikia, au tuseme simsikii, na hilo ndilo linalonitetemesha. Ametia mafuta bawaba za mlango wa nyuma. Umelia tangu nilipoolewa humu, leo umefunguka na kufungwa na haukutoa sauti. Komeo amelitoa kabisa. Ameniita nikaona jinsi alivyolainisha. Akaniuliza kama mpwa wangu anatia sukari.

Mezani ameshapanga vikombe. Siku zote ni viwili. Leo ni vitatu.

Mwalimu anakuja kuchukua gauni lake la kijani, alilolirudisha nilishone pindo kwa mkono, kabla giza halijaingia. Nimejaribu kumwambia mambo haya mara nyingi na ananishika mkono, kwa hiyo leo sitamwambia kitu. Barua hii nitaitia mfukoni mwa gauni, na stempu juu, na nitamwomba aipeleke posta kwa sababu nimesahau kumpa Suluhu. Mimi haniamini, lakini bahasha yenye stempu ataiamini.

Najua hesabu ya posta. Barua hii itafika kwako wakati wewe umeshafika kwangu. Usiku huu wote uko barabarani, na mimi sina simu, sina ufunguo, sina hata cherehani ya kumpigia kichwani. Mkasi ninao. Nimeufunga kwa uzi mwekundu ndani ya mkono wa sweta, na asubuhi nitakuwa nimesimama kwenye mlango ule kabla yake, nikijaliwa kuwa macho. Kikombe akinisimamia, sitakunywa. Umeniambia nililelewa vizuri kupita kiasi. Basi kesho nitakuwa sina adabu hata kidogo.

Kwa hiyo hii siandiki kwako, Kasuku, ingawa jina lako ndilo liko juu. Naandika kwa anayekuchukulia barua. Wewe, bwana usiyesema ila kwa vidole, sikujui, lakini ulimwachia mwanangu aseme maneno yake, nakushukuru. Kama unaisoma hii umesimama chumbani kwake, na kitanda kimetandikwa, na yeye hajarudi, basi usiipange mezani kufuata tarehe. Mwisho sijaushona, uko wazi wote hapa.

Ipigie nyumba hii simu. Namba yangu iko kwenye barua zake. Atapokea mwanamume mwenye sauti nzuri, sauti ambayo mngeiajiri. Akikwambia kwa upole kwamba tumelala sote wawili, usikubali.